Jina kwenye bamba ni Rembrandt. Mkono ni wa nani? Uzi wa "Tazama, Mtu Huyu" (1635–1636)

Fundi Bamba (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu, atakayechoka apumzike njiani na kurudi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mchapaji picha. Kazi nilijifunzia Dar es Salaam, sasa naishi Leiden, Uholanzi, nakarabati karatasi za zamani. Mji huu ndiko alikozaliwa mchoraji Rembrandt mwaka 1606. Ndiko pia alikoishi mchapaji ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia, Jan Gillisz van Vliet. Uzi huu ni kwa ajili ya huyo wa pili.

Kuna chapa moja kubwa ya Rembrandt, karibu sentimita 55 kwa 45, inayoonyesha Kristo mbele ya Pilato. Wenyewe huiita kwa Kilatini Ecce Homo, kwenye Biblia yetu "Tazama, mtu huyu". Kristo amesimama juu, taji la miiba kichwani, mikono imefungwa, askari wamemzunguka. Chini yake Pilato anainuka kitini, makuhani wamemsonga, mmoja anamwekea fimbo ya hukumu mbele ya mikono. Nyuma umati umejaa mpaka kwenye tao, na juu ya nguzo kuna sanamu ya Kaisari. Kwenye bamba limechorwa jina: Rembrandt f. 1636 cum privile. Hiyo "f." ni fecit, yaani "amefanya". Ugomvi wote unaanzia kwenye herufi hiyo moja.

Mimi nasema hakufanya peke yake. Nasema sehemu kubwa ya bamba lile ilichorwa na van Vliet, Rembrandt akiwa mwenye wazo na msimamizi. Sikubuni jambo hili, wataalamu wamelibishania tangu karne ya 19. Ninachokileta ni macho ya mtu aliyeshika sindano na asidi kwa mikono yake.

Nianze na ushahidi ninaouona mzito kuliko wote. National Gallery, London, wana picha ya rangi ya mafuta ya tukio hilihili, rangi za kahawia na kijivu tu, ya mwaka 1634. Ukubwa wake ni uleule wa chapa. Na ukiitazama kwa karibu, mistari ya maumbo imekandamizwa kwa kitu chenye ncha. Yaani picha iliwekwa juu ya bamba na mtu akapitisha ncha kwenye kila umbo ili lihamie kwenye shaba. Sasa niambieni, wachoraji mliomo humu: mtu anayejichorea mwenyewe anahitaji ramani kamili kiasi hicho? Rembrandt tunayemjua alikuwa akichora moja kwa moja kwenye nta, anabadilisha mawazo njiani. Ramani ya namna hii unampa mtu mwingine aifuate.

Kijana wa Ilala

Mkuu, shikamoo kwanza. Mimi si msanii, naomba kuelimishwa. Hii chapa ni kitu gani hasa? Kama zipo nakala nyingi, sasa "halisi" ni ipi?

Fundi Bamba

Marahaba. Swali zuri, nilipaswa kuanzia hapo.

Unachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa. Unalipasha moto kidogo, unalipaka nta iliyochanganywa na utomvu, tabaka jembamba sana, likipoa linakuwa gumu. Unachora juu yake kwa sindano. Huikwaruzi shaba, unaondoa nta tu. Kisha bamba linaingia kwenye asidi, na asidi inakula pale palipoachwa wazi. Ukiliacha muda mfupi mstari unakuwa mwembamba, ukiliacha muda mrefu unakuwa mnene na wenye kina. Unasafisha nta, unapaka wino bamba zima, unafuta juu, wino unabaki kwenye mifereji. Unaweka karatasi yenye unyevu, unapitisha kwenye roli mbili nzito. Karatasi inatoka na picha iliyogeuka kushoto kulia.

Kila karatasi iliyotoka kwenye bamba lile ni halisi. Lakini bamba halibaki vilevile. Msanii anaweza kuchapa nakala chache, akatazama, akarudi kuongeza mistari au kufuta, akachapa tena. Kila badiliko tunaliita hatua. "Tazama, Mtu Huyu" hatua ya kwanza ni ya 1635, na nakala zake ni adimu mno. Katika hatua hiyo sehemu ya katikati, palipo na Pilato na makuhani, imeachwa nyeupe kabisa! Umati umekamilika, majengo yamekamilika, askari wamekamilika, ila moyo wa picha ni karatasi tupu.

Nakala moja ya hatua hiyo iko British Museum, na juu yake Rembrandt amepitisha brashi yenye rangi ya kahawia pale alipotaka kivuli. Nikiiona nakala ile namwona bwana wa kazi akimwelekeza fundi wake: hapa tia giza, hapa punguza mwanga.

Dada Karatasi

Fundi, hongera kwa uzi. Niko Mombasa, nafanya kazi ya kumbukumbu na nyaraka, chapa za Uholanzi nimezisoma miaka kadhaa. Niruhusu nikupinge.

Ramani ya rangi haithibitishi mkono wa pili. Chapa hii ni kubwa kupita kawaida yake na ina watu wengi sana. Mtu yeyote mwenye akili angejiandaa. Na brashi ya kahawia nayo ina maelezo mengine: msanii anajaribu kivuli kwenye karatasi kabla hajakitia kwenye shaba, kwa sababu kwenye shaba kosa ni ghali. Huhitaji mtu wa pili chumbani kwa hilo.

Halafu kuna hii unayoikwepa. Mwaka huohuo wa 1635 Rembrandt alichukua vichwa vya watu wa Mashariki vilivyochapwa na rafiki yake wa zamani wa Leiden, Jan Lievens, akavirudia kwenye mabamba yake manne. Aliandikaje kwenye baadhi yake? Rembrandt geretuckeerd, yaani "Rembrandt amerekebisha". Hakuandika fecit. Kwa hiyo alijua kabisa tofauti ya kusema "nimefanya" na "nimerekebisha". Mtu aliyekuwa mwangalifu hivyo kwenye vichwa vidogo, kwenye kazi yake kubwa kuliko zote za mwaka ule aandike uongo?

Fundi Bamba

Dada, hoja ya Lievens ni nzito na sikuikwepa, nilikuwa naisubiri.

Tuitazame hivi. Kwenye vile vichwa wazo lilikuwa la Lievens, na Lievens alikuwa msanii mwenye jina, watu walizijua chapa zake. Rembrandt hakuweza kudai wazo. Kwenye "Tazama, Mtu Huyu" wazo lilikuwa lake toka mwanzo hadi mwisho. Fecit ya karakana ilibeba maana pana: kitu kimetoka nyumbani kwangu, nakidhamini.

Na tumpe van Vliet sura, asibaki jina tu. Mwaka 1631 alichapa kazi kadhaa kutoka picha za Rembrandt: Luti na binti zake, ubatizo wa towashi Mkushi, Mtakatifu Jeromu akipiga magoti. Zile zina majina yote mawili, Rembrandt kama mbunifu, van Vliet kama mtendaji. Kwa hiyo uhusiano wao wa kazi si dhana, umeandikwa kwenye mabamba. Mwaka 1633 zinaanza kutokea chapa kubwa zenye mistari mizito inayopishana kama wavu, giza nene, nguo zinazong'aa kama bati, na jina ni moja tu. Mistari haibadiliki, majina ndiyo yaliyopungua.

Weka "Tazama, Mtu Huyu" pembeni ya "Kristo akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni" na "Stefano akipigwa mawe", zote za 1635. Zile mbili ni ndogo, mistari inakimbia, inakatika, inaruka, mtu mzima anaumbwa kwa mikwaruzo mitano. Umati wa "Tazama" umejazwa kwa subira ya mtu anayelipwa kwa siku.

Mzee wa Tanga

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi ni mwalimu mstaafu, sanaa naipenda tu.

Kwanza sahihisho dogo la Maandiko. Tendo linaloonyeshwa pale, kwa jinsi mlivyolieleza, halikai vizuri kwenye Yohana 19:5. Pilato yuko kwenye kiti cha hukumu, hivyo ni mstari wa 14, "yapata saa sita", anaposema "Tazama, Mfalme wenu!" Jina la picha limezoeleka, lakini anayetazama asome mpaka huko ndipo aelewe ile fimbo: makuhani wanamtaka atoe hukumu na yeye hataki kuipokea.

Pili, mbona hamsemi habari ya fedha? Rembrandt mwaka 1635 hajafika miaka 30, ametoka Leiden kuja Amsterdam kufanya kazi na mfanyabiashara wa picha, Hendrick Uylenburgh. Kule Antwerpen kuna Rubens, ambaye picha zake zinachapwa na mafundi na kuenea Ulaya yote, na ana kibali cha serikali kuzuia wengine wasinakili. Yale maneno cum privile ni "kwa kibali". Huyu kijana alitaka kuwa Rubens wa kaskazini. Rubens hakuchora mabamba yake mwenyewe, alikuwa na mchapaji wake, Lucas Vorsterman. Kwa nini Rembrandt aone haya kuwa na mtu?

Fundi Bamba

Mzee, shikamoo. Asante kwa mstari wa 14, miaka yote nimekuwa nikiiangalia fimbo ile bila kuielewa.

Na umegusa palepale. Vorsterman alichapa "Kushushwa Msalabani" ya Rubens mwaka 1620. Baada ya hapo wakagombana vibaya. Mwaka 1622 Rubens aliandika barua akilalamika kuwa mchapaji wake amejaa kiburi, anadai eti ni mkono wake na jina lake ndivyo vinavyozipa chapa zile thamani. Mnaona? Ugomvi huu wa "nani amefanya" ulikuwepo wakati wenyewe wangali hai. Tofauti ni kwamba Vorsterman jina lake liliandikwa kwenye bamba.

Rembrandt naye alifanya "Kushushwa Msalabani" yake mwaka 1633, kutoka picha yake ambayo leo iko Alte Pinakothek, Munich, na alimtazama Rubens waziwazi. Hapa kuna kisa kinachonigusa kama fundi. Bamba la kwanza liliharibika. Nta ilishindwa kuizuia asidi, ikapenya pasipotakiwa, shaba ikaliwa ovyo. Zilichapwa nakala chache za majaribio, bamba likaachwa. Nakala hizo sasa ni miongoni mwa vitu adimu kabisa katika kazi zake.

Jambo hili mimi limenipata. Shaba ilikuwa na mafuta ya vidole pembeni, sikuisafisha vizuri, nta haikushika. Niliposikia asidi inachemka mahali ambapo sikuchora kitu, nilijua tayari. Wiki tatu za kazi! Unaitoa unaitazama tu. Bamba la sentimita 53 kwa 41 ni kubwa mno kulipaka nta sawasawa, kulipasha moto sawasawa, kulizamisha sawasawa. Inahitaji mtu aliyezoea mabamba makubwa, na mwaka 1633 Rembrandt alikuwa amezoea madogo. Bamba la pili, la mwaka huohuo, halina kosa lolote la asidi. Nani alimsaidia? Van Vliet alikuwa ameshachapa makubwa tangu 1631.

Dada Karatasi

Hapo umenisogeza, nakiri. "Kushushwa" bamba la pili sina shida sana kumweka van Vliet. Lakini bado nina hofu na njia yenyewe, na nieleze kwa nini, maana historia ya jambo hili ina makovu.

Mwaka 1797 Adam Bartsch kule Vienna alitoa orodha ya chapa za Rembrandt yenye namba 375, kila chapa na namba yake. Namba zake tunazitumia mpaka leo. Miaka 80 baadaye, 1877, Francis Seymour Haden, daktari mpasuaji wa London ambaye naye alikuwa mchapaji hodari, akaandaa maonyesho kwenye Burlington Fine Arts Club. Kabla yake watu walizoea kupanga chapa hizi kwa mada: picha za Biblia huku, sura za watu kule, mandhari pale. Haden akazipanga kwa miaka. Ghafla ukutani kukaonekana kitu ambacho hakikuwa kikionekana kwenye makasha: chapa za mwaka mmoja zisizofanana hata kidogo. Akasema wazi kwamba kadhaa kati ya zile kubwa za 1633 mpaka 1636 ni kazi ya wasaidizi.

Alikuwa sahihi kwa mengi. Lakini mlango ule ulipofunguliwa watu waliingia kwa fujo. Mwaka 1906 Hans Wolfgang Singer akakata orodha vibaya sana, akatupa nje hata kazi ambazo leo hakuna anayezitilia shaka. Kila mtu akawa na Rembrandt wake moyoni, na chapa isiyofanana na huyo wa moyoni ikafukuzwa. Orodha kubwa ya mwisho, ya Erik Hinterding na Jaco Rutgers ya mwaka 2013, ina namba 314. Kutoka 375 mpaka 314, na katikati mawimbi ya kutoa na kurudisha.

Kwa hiyo ukiniambia "mistari ya Rembrandt inakimbia", nakuuliza: ipi? "Malaika akiwatokea wachungaji" ya 1634 ni usiku mtupu, giza limejengwa kwa mistari iliyopishana tabaka kwa tabaka, kazi ya subira kubwa, na ni yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na mikono miwili kutegemea anachokitaka.

Kijana wa Ilala

Haya mambo mbona yanafanana na ya kwetu! Tingatinga alifariki 1972, wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, na leo picha ikiwa na jina lake watu wanaanza kugombana kama ni yake au ya mwingine. Nami swali langu: hakuna kipimo cha maabara? Karatasi, wino, chochote, ikaisha hiyo kesi?

Dada Karatasi

Kipo, lakini kinajibu swali jingine, na hapa watu wengi hupotea.

Karatasi ya zama zile ilitengenezwa kwa kuchota majimaji ya matambara yaliyosagwa kwa fremu yenye wavu wa nyaya. Juu ya wavu fundi alishonea umbo la waya: yungiyungi, ngao ya mji wa Basel, kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya njuga. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unaliona, hiyo ndiyo alama ya maji. Umbo lile lilipinda na kuchakaa kadiri fremu ilivyotumika, kwa hiyo karatasi mbili zenye alama inayolingana kabisa, mpaka kwenye mkunjo wa waya, zimetoka fremu moja na kwa kawaida kipindi kimoja. Hinterding alikusanya alama hizo kutoka kwenye chapa za Rembrandt sehemu nyingi, kwa picha za eksirei ili wino usizuie kuona, akaweza kusema nakala hii ilichapwa lini, na ni nakala zipi zilichapwa pamoja.

Ni kazi kubwa sana. Imeonyesha kwamba Rembrandt alirudi kwenye mabamba yake ya zamani na kuyachapa upya miaka mingi baadaye. Na baada ya kifo chake mabamba yaliendelea kuchapwa: yalipita kwa Watelet na kwa Basan huko Paris karne ya 18, na takriban 80 yapo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikuuzia "Rembrandt halisi", karatasi itakuambia kama imechapwa mikononi mwake au miaka 150 baada yake.

Lakini karatasi haijui nani alishika sindano. Van Vliet na Rembrandt wangeweza kutumia karatasi ya rundo moja, wino wa chungu kimoja. Hapo maabara inanyamaza, tunabaki na macho.

Fundi Bamba

Nakubaliana na Dada kwa kila neno hapo. Tunabaki na macho, na ndiyo maana lazima niseme macho yangu yanatoka wapi. Nisipolisema nitakuwa nawadanganya.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwa msanii mmoja, jina lake halina haja hapa. Alikuwa na mawazo makubwa kweli. Alinipa mchoro wa penseli kwenye karatasi, mimi nikauhamishia kwenye shaba, nikaujaza vivuli, nikaupeleka kwenye asidi, nikachapa. Yeye akaja mwishoni, akagusa macho na midomo kwa patasi, akatia saini. Alinilipa, na tulikubaliana hivyo, sikudhulumiwa fedha. Siku ya maonyesho mgeni mmoja alisimama mbele ya chapa ile akasifu ukuta uliokuwa nyuma ya watu. Akasema ona jinsi mwanga unavyopanda kwenye ule ukuta. Ule ukuta nilikaa nao usiku kumi na moja. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika trei ya vinywaji.

Kwa hiyo nikiona umati ule wa 1635, wale watu wa pembeni ambao hakuna anayewatazama, wamejazwa mmoja mmoja mpaka kwenye tao, najua ni kazi ya namna gani. Naijua mgongoni.

Mzee wa Tanga

Pole, mwanangu. Na asante kwa kulisema.

Dada Karatasi

Fundi, nimesoma mara mbili kabla ya kujibu. Nakuheshimu kwa hilo, na sitaki ulichukulie vibaya ninalosema.

Ndicho ninachokiogopa. Unamtafuta van Vliet kwa sababu unajitafuta wewe, na anayetafuta kwa nguvu hivyo atampata hata asipokuwepo. Singer alimpata Rembrandt wa moyoni mwake. Wewe usimpate van Vliet wa moyoni mwako. Yale maisha yako ni sababu nzuri ya kuuliza swali, ila hayawezi kuwa jibu.

Niambie kitu kimoja ambacho mtu asiye na kidonda chako naye angekiona.

Fundi Bamba

Nimenyamaza siku nne, samahani wakuu. Nilikwenda Amsterdam. Rijksmuseum wana chumba cha kusomea chapa, unaomba mapema unawekewa mezani, mikono misafi, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Mtu yeyote anaweza kuomba. Niliomba "Tazama, Mtu Huyu" iliyokamilika, "Stefano", na "Luti na binti zake" ya van Vliet. Niliweka lenzi, nikakaa tangu asubuhi hadi walipofunga.

Dada, nakujibu bila kidonda.

Niliacha umati, nikatazama eneo lililokuwa jeupe mwaka 1635, Pilato na makuhani, na mpaka wake na sehemu za jirani. Kwa jicho langu kuna mshono. Nje ya eneo lile kivuli kinajengwa kwa wavu: mistari sambamba, juu yake mingine kwa pembe ileile, bila kujali kama kinachofunikwa ni kitambaa au jiwe au shavu. Ndani ya eneo, mstari unafuata kitu chenyewe. Kwenye mkono wa Pilato unaosukuma ile fimbo, mistari inazunguka vidole. Kwenye uso wa kuhani aliyepaza sauti ni mikwaruzo mifupi isiyo na mpangilio, na bado unasikia sauti yake. Nikahamia kwa "Luti": wavu uleule, pembe zilezile, mpaka kwenye nyama ya mwili. Nikahamia kwa "Stefano": hakuna wavu, mikwaruzo.

Sasa jiulize kwa nini katikati iliachwa tupu. Mtu anayefanya kazi peke yake huanza na kinachomsumbua, yaani sura kuu, kisha anazungushia. Hapa kimezungushiwa kwanza, na kuu kimeachwa mwisho. Maelezo rahisi ni kwamba mahali pale pametunziwa mtu fulani. Na mtu huyo alikuja, akajaza, na 1636 akatia jina.

Dada Karatasi

Nimepakua picha yao ya ukubwa wote, wanaitoa bure, nimekaa nayo jioni nzima. Mshono upande wa makuhani nimeuona. Upande wa askari walio karibu na Kristo sijauona, pale naona mikono yote miwili, au mkono wa pili umerudi juu ya wa kwanza.

Tuandike basi "Rembrandt na Jan van Vliet" kwa hii na kwa "Kushushwa" bamba la pili. Wengi wanaandika hivyo siku hizi na nilikuwa nasitasita, sisiti tena. Ila Kristo mwenyewe simpi van Vliet. Uso ule umechoka kwa namna ambayo wavu hauwezi kuifanya.

Fundi Bamba

Kristo nami simpi. Wala van Vliet mwenyewe sidhani angemdai.

Kijana wa Ilala

Wakuu, nimeipakua na mimi, nipo nayo kwenye simu naikuza. Huyo mtu wa umati chini kabisa ya tao, mwenye kofia, ambaye uso umegeukia kwetu, mmemwona? Wengine wote wanatazama kwa Pilato.

Na je, "Msamaria Mwema" ya 1633, ile yenye mbwa, ambapo Rembrandt ameandika inventor et Feecit, mbunifu na mtendaji kwa pamoja? Ile nayo wanaibishania?

Fundi Bamba

Wanaibishania sana, na pale Dada ana nguvu kuliko mimi. Ifungulie uzi wake kesho, nitakuja. Huyo wa tao ngoja nimtafute.